Safari ya Kwanza ya Mtoto Mchanga kutoka Dar hadi Moshi: Mwongozo Kamili kwa Wazazi Wanaolea Mbali na Ndugu

Kila Januari malalamiko ninayosikia ni yale yale. Wazazi wanaoishi Dar wamempeleka mtoto wao wa kwanza kwa bibi, Kibosho, Machame au Rombo, na wamerudi hoi. Mtoto alilia kila aliposhikwa na bibi yake tangu siku ya kwanza. Siku ya tatu akaanza kuharisha. Mama hakupata usingizi, baba alikuwa kwenye vikao vya ukoo, na bibi amebaki na kinyongo kwamba mjukuu amefundishwa kuwakataa watu.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya mtoto wa miezi mitatu hadi mwaka mmoja, anayelelewa na wazazi wawili au mmoja bila bibi, shangazi wala mama mdogo wa kumpokea mkononi. Njia ninayoizungumzia ni ya Dar hadi Kilimanjaro, lakini ukienda Bukoba, Mbeya au Songea hatua nyingi zitakufaa, ukiongeza tu siku ya kupumzika katikati.

Jambo la kushika kabla ya yote: safari hii ina kazi moja, mtoto na bibi yake wafahamiane. Ndafu, ubarikio wa binamu na kuzungukia nyumba za ukoo vipangwe baada ya hapo.

## Vitu vya kuandaa

Vya mtoto njiani, kwenye begi dogo linalokaa miguuni mwako (usiliweke kwenye buti):

- Kadi ya kliniki, na cheti cha kuzaliwa kama kimeshatoka.
- Pampasi za kutosha saa kumi na mbili, hata kama basi linatumia saa tisa.
- Khanga tatu: ya kubebea, ya kufunika wakati wa kunyonyesha, ya kutandika ukimbadilisha.
- Nguo za kubadilisha seti tatu, na blauzi moja ya mama. Mtoto akitapika, humtapikia aliyembeba.
- Mifuko ya plastiki yenye zipu kwa pampasi chafu na nguo zilizolowa.
- Vitambaa laini, chupa ya maji safi na sabuni ndogo ya maji.
- Ndizi mbivu, kama mtoto amefikisha miezi sita.

Vya kukaa nyumbani:

- Sweta mbili, kofia ya kufunika masikio, soksi, na blanketi jepesi alilolizoea.
- Chandarua cha mtoto.
- Kipimajoto, dawa ya maji ya paracetamol, pakiti za ORS (chumvichumvi za kunywa mtoto akiharisha) na vidonge vya zinki.
- Unga wa uji anaoutumia Dar, wa kutosha siku zote za safari.
- Kama anatumia maziwa ya kopo: kopo lisilofunguliwa, chupa mbili, na chupa ya chai ya kuhifadhia maji ya moto.

Zawadi ya bibi ni juu yako. Nashauri iwe kitu atakachokitumia akiwa na mtoto, kwa mfano khanga pana ya mbeleko.

## Hatua ya 1: Chagua umri na tarehe

Kati ya miezi minne na sita ndio wakati mwepesi kuliko wote. Mtoto ameshamaliza chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ananyonya tu, na bado anacheka na kila mtu. Huhitaji kubeba chakula wala kutafuta maji ya kuchemsha njiani.

Kuanzia mwezi wa saba au wa nane watoto wengi huanza kuogopa sura wasizozijua. Hiyo ni hatua ya kawaida ya ukuaji, akili yake sasa inatofautisha mama na wengine. Ukisafiri naye katika umri huo hakuna ubaya, ila hatua ya 2 na ya 7 usizipunguze hata kidogo.

Tarehe ni suala jingine. Wachaga wanapanda kwenda nyumbani Desemba, na wiki moja kabla ya Krismasi tiketi zinagombaniwa. Ukiweza, fika kati ya tarehe 10 na 15 Desemba, kabla nyumba haijajaa. Bibi akiwa peke yake na mjukuu kwa siku tano, watu wanane wakifika baadaye mtoto ana mtu wa pili wa kukimbilia. Ukifika tarehe 24 jioni, unampeleka mtoto kwenye kelele za watu asiowajua hata mmoja.

Kwa mwajiriwa, sheria ya kazi inatoa likizo ya mwaka ya siku 28, na likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 kwa mapacha. Baba naye aombe likizo yake mapema. Akija siku mbili na kurudi kazini, mama atabaki ugenini na mtoto anayelia, tena ukweni. Hapo ndipo nimeona ndoa nyingi zikitikisika.

Utajua umefanikiwa: una tarehe ya kwenda na ya kurudi, na tiketi zote mbili mfukoni. Ya kurudi usisubiri kuikata Januari.

## Hatua ya 2: Mzoeshe mtoto sauti ya bibi

Anza wiki sita kabla. Mtoto mdogo haelewi picha kwenye skrini, lakini sauti anaishika vizuri, hasa ikija saa ile ile na jambo lile lile.

Chagua saa ya kuoga. Weka simu kwenye spika, mbali na maji, bibi aongee au aimbe kwa Kichaga wakati wewe unamwosha. Dakika tano zinatosha. Usimwambie mtoto "sema shikamoo bibi" na kumsogezea simu usoni. Mwache acheze na maji huku sauti ile ikiwa hewani. Baada ya wiki mbili tatu utamwona anageuza kichwa ikianza.

Mtandao ukisumbua kule mlimani, mwombe shemeji au binamu amrekodi bibi akiimba wimbo mmoja, akutumie WhatsApp. Wimbo huo huo ndio bibi atauimba mtakapofika. Usibadilishe.

Jambo la pili, mpe bibi habari za kweli. Wengi wetu tunatuma picha za mtoto akiwa amevaa vizuri na kucheka. Bibi naye anajenga picha ya mjukuu asiyelia. Mwambie pia kwamba anaamka mara tatu usiku, kwamba hapendi kushikwa na mtu akiwa na usingizi, kwamba uji wa mtama ameukataa. Bibi amelea watoto wengi kuliko wewe, na akishirikishwa mapema atakuja na mbinu badala ya lawama.

Utajua umefanikiwa: bibi anajua ratiba ya mtoto bila kuuliza.

## Hatua ya 3: Ongea na wazee kabla ya kupanda basi

Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi. Kuna mambo ambayo yakikukuta sebuleni mbele ya mawifi huna pa kutokea. Yaongelewe kwa simu, mapema, na kanuni ni moja: kila mmoja aongee na wazazi wake. Mwanaume aongee na mama yake. Mke akiyasema yeye, hata kwa adabu zote, yatasikika kama maneno ya binti wa watu anayekuja kufundisha wenye nyumba.

Jina. Kwa desturi, mtoto wa kwanza wa kiume hubeba jina la babu mzaa baba, na wa kike la bibi mzaa baba. Wanaofuata huenda upande wa mama. Kama mmechagua jina jingine, baba aeleze sasa. Wazee wengi hukubali jina la babu liwe la pili au la nyumbani. Wanachoumia ni kulisikia jambo hilo kwa padri au mchungaji.

Kinachoingia mdomoni. Kabla ya miezi sita mtoto hahitaji maji, uji, wala maji ya sukari. Kabla ya mwaka mmoja hapewi asali hata ya kulamba, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu vinavyotoa sumu ambayo utumbo wa mtoto mchanga haujaweza kuizuia. Maziwa ya ng'ombe yasiwe kinywaji chake kikuu kabla ya mwaka. Na mbege, hata ile ya kumwonjesha kwa kidole kama baraka, ni pombe. Kama wazee wanataka baraka, waombe waweke mkono kichwani au watumie majani ya sale, mmea wa baraka wa Wachaga.

Kimeo na meno ya nailoni. Mtoto akikohoa sana au akitapika, atatokea mtu wa kusema akatwe kimeo. Akiharisha na kupata homa, mwingine atasema ana meno ya nailoni na yang'olewe. Yanayoitwa meno ya nailoni ni vichipukizi vya meno ya kawaida vilivyo ndani ya fizi. Kuving'oa huleta kutoka damu, maambukizi na kuharibika kwa meno yatakayoota. Kukata kimeo kumepeleka watoto hospitalini wakiwa wamepoteza damu nyingi. Hapa hakuna mjadala wala nusu njia. Usimwache mtoto na mtu anayeamini mambo hayo bila wewe kuwepo.

Maneno ya kutumia? Baba anaweza kusema hivi: "Mama, tunakuja na mjukuu wako. Kliniki wametuambia asipewe kitu chochote zaidi ya maziwa ya mama yake mpaka Februari. Naomba wewe ndiye utusaidie kuwaambia wengine, maana wewe wanakusikiliza." Ombi la namna hiyo linampa bibi ulinzi wa mtoto. Akilikubali, huhitaji kubishana na mtu mwingine yeyote kwenye kihamba chake, yaani shamba la nyumbani kwake.

Utajua umefanikiwa: shangazi akisogeza kikombe, bibi ndiye anayesema hapana.

## Hatua ya 4: Pita kliniki

Nenda wiki mbili kabla. Mtoto apimwe uzito, na uulize chanjo gani inafuata. Ya miezi tisa ni surua na rubela; kama itaangukia katikati ya safari, muulize muuguzi kama aipate kabla au kama ataipata katika kituo cha kule uendako. Kadi ya kliniki inakubalika popote nchini.

Usisafiri kesho yake baada ya sindano. Mpe siku mbili tatu, homa ya chanjo ipite, vinginevyo utakuwa Korogwe ukijiuliza kama joto lile ni la chanjo au la ugonjwa.

Andika pia kwenye simu jina la hospitali iliyo karibu na kijijini. Upande wa Kibosho kuna hospitali ya Kibosho, Machame kuna yao, Vunjo kuna Kilema na Marangu, Rombo kuna Huruma. Mjini Moshi kuna Mawenzi na KCMC. Uliza mapema ni nani mwenye gari pale jirani anayeweza kuamshwa usiku.

## Hatua ya 5: Chagua usafiri

Basi ni chaguo la wengi: kilomita kama 560, saa nane hadi kumi kwa siku njema. Panda la alfajiri kutoka Kituo cha Magufuli, Mbezi. Mabasi ya usiku yaliruhusiwa tena mwaka 2023, na najua wengi wanasema mtoto atalala njia nzima. Mimi nashauri mchana. Gari likiharibika saa nane usiku katikati ya Same na Mwanga ukiwa na mtoto mchanga, hakuna duka wala zahanati iliyo wazi.

Kata viti vya katikati. Nyuma kabisa basi linarusha, na mbele kabisa ndiko kwenye hatari zaidi likigonga. Kwa basi la asubuhi, chukua upande wa kushoto: kuanzia Chalinze jua hupiga kulia hadi karibu adhuhuri, kisha ndipo linahamia kushoto, na wakati huo mko Upareni mmekaribia. Mkiwa wazazi wawili nunueni viti viwili vya pamoja. Mzazi mmoja akiweza kununua kiti cha pili, fedha hiyo haijapotea.

Treni ya Shirika la Reli (TRC) ya Moshi ni ya polepole na inatembea usiku, lakini ina mabehewa ya kulala, na mtoto anaweza kulazwa, kubadilishwa na kunyonyeshwa kwa utulivu. Haiendi kila siku, kwa hiyo angalia ratiba kwanza.

Ndege hadi uwanja wa Kilimanjaro (KIA) ni kama saa moja. Mtoto chini ya miaka miwili hupakatwa kwa nauli ndogo. Beba cheti au kadi kuthibitisha umri. Mnyonyeshe ndege inapopaa na inapoanza kushuka, kumeza kunapunguza maumivu ya masikio.

Gari binafsi: mtoto akae kiti cha nyuma kwenye kiti chake maalumu kinachotazama nyuma, mikanda imefungwa. Onyo: kumpakata kiti cha mbele, hata ukiwa umefunga mkanda, ni hatari kubwa kuliko zote zilizotajwa humu. Breki moja ya ghafla, mikono ya mtu haiwezi kumshika.

## Hatua ya 6: Njiani

Mlishe Mbezi kabla basi halijaondoka, si baada. Mtoto aliyeshiba hulala basi likianza kunguruma, na mara nyingi mtafika Chalinze kabla hajafumbua macho.

Ukimbeba kwa khanga kifuani, kidevu chake kisigandamize kifua, na pua uione wakati wote. Usimfunike uso kwa sababu ya upepo. Sogea au funga dirisha.

Basi litasimama kula Korogwe au Mombo, na muda ni mfupi. Gawaneni kazi kabla halijasimama: mmoja anashuka kununua chakula na kwenda chooni, mwingine anambadilisha mtoto ndani. Viti vya jirani vikiwa wazi, tandika khanga, mlaze, osha mikono yako kwanza, malizeni kabla abiria hawajarudi. Kisha mbadilishane. Mwanamke anayenyonyesha asijinyime maji kwa hofu ya vituo vichache. Mwambie kondakta mapema kwamba una mtoto. Wengi wao wakijua husimamisha sehemu nzuri watu wakienda kuchimba dawa.

Chakula kwa aliyefikisha miezi sita: ndizi mbivu. Imefungwa na ganda lake, haihitaji maji, unaimenya mkono mmoja na kuiponda kwa kijiko. Uji uliopikwa alfajiri usimpe mchana. Joto la tambarare ya Korogwe linauharibu haraka. Maziwa ya kukamua hukaa saa nne kwenye chumba chenye ubaridi, na kwenye basi lenye joto yahesabie muda mfupi zaidi. Maziwa ya kopo usiyachanganye nyumbani. Beba maji ya moto kwenye chupa ya chai na unga uliopimwa pembeni, changanya wakati wa kumpa, yapooze kabla hujampa, na yakibaki yamwagwe.

Kuanzia Mwanga hewa inaanza kubadilika, na ukishika barabara ya kupanda kijijini jioni, baridi inamkuta mtoto akiwa na nguo za Dar. Mvalishe sweta na kofia mkiwa bado Moshi mjini.

Utajua umefanikiwa: mtoto amekojoa kawaida njia nzima. Pampasi kavu kwa saa sita ni dalili kwamba hajanyonya vya kutosha.

## Hatua ya 7: Mlangoni na siku tatu za kwanza

Mkishuka, bibi atakuja mikono imefunguka. Ni saa aliyoingoja kwa miezi. Na hapo hapo ndipo mambo huharibika: mtoto anapokonywa kifuani kwa mama, anaamka katikati ya sura kumi, analia, anapitishwa kwa shangazi "labda mimi atanizoea", analia zaidi.

Fanya hivi. Mama abaki amembeba. Msalimie bibi, keti naye kwenye kiti kimoja, bega kwa bega, mtoto akiwa mapajani mwako lakini ameelekea kwa bibi. Bibi aanze wimbo wa kwenye simu. Asimwangalie sana machoni, aongee na wewe. Baada ya dakika kadhaa mtoto mwenyewe atanyoosha mkono kushika khanga au kidole cha bibi. Mwache ashike. Hapo ndipo bibi anamchukua, wewe ukiwa umekaa pale pale.

Mweleze bibi jambo hili kwa simu siku moja kabla, ili asione kama unamnyima. Wanawake wa umri wake wanalielewa haraka.

Siku ya kwanza na ya pili, bibi awepo kwenye kuoga na kula, mama akifanya kazi na bibi akisaidia. Siku ya tatu mnabadilishana: bibi anaogesha, mama anashika taulo. Baada ya hapo ndipo mama anaweza kwenda kulala chumba cha pili kwa saa mbili. Usingizi huo ni sehemu ya safari. Kwa mila ya Wachaga mzazi alikuwa akitunzwa na kulishwa kwa wiki nyingi bila kushika jembe, na wewe uliyejifungulia Dar pengine hukupata hata wiki. Ukiambiwa pumzika, pumzika, vyombo utaosha kesho.

Wageni watakuja. Wanawe mikono, wasimbusu mdomoni, na mwenye mafua amwone kwa mbali. Mtu yeyote mwenye kikohozi cha zaidi ya wiki mbili asimshike kabla hajapimwa kifua kikuu. Ndoo yenye bomba na sabuni mlangoni huwakumbusha watu bila wewe kusema neno.

Onyo: usitumie kazi za jikoni kuonyesha kwamba wewe ni mke mwema huku mtoto akizungushwa mikono ya watu usiowajua. Mume ndiye amwambie mama yake: "Leo yuko na mtoto, mimi nitasaidia kumenya ndizi."

## Hatua ya 8: Chakula, moshi na baridi

Mtori ni chakula kizuri sana kwa mtoto aliyefikisha miezi sita, na ni fursa ya kumpa bibi kazi yake mwenyewe. Ndizi mbichi na nyama vichemshwe hadi viive kabisa, chakula cha mtoto kitolewe kabla ya kuweka chumvi, kisha kipondwe laini. Chakula kipya kiwe kimoja kwa siku mbili tatu, ili tumbo likisumbua ujue chanzo. Maji yake yachemshwe hata kama ni ya mfereji unaotoka mlimani na kila mtu anayanywa.

Jiko la kuni ni mahali pa stori, na bibi atataka kukaa na mjukuu pale. Moshi ule unachokoza kifua cha mtoto. Hamishia stori barazani: peleka kigoda nje, peleka ndizi za kumenya nje, bibi atafuata.

Vijiji vya juu vinavuka mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na usiku baridi inauma hata Desemba. Juni na Julai ndiyo zaidi. Mvalishe nguo mbili tatu nyepesi badala ya blanketi zito, ambalo linaweza kumziba pumzi. Kofia ivuliwe akilala ndani. Mguse shingo: ikiwa na jasho, punguza nguo moja.

Onyo kubwa: jiko la mkaa lisiingizwe kamwe chumba cha kulala, hata kwa dakika chache za kupasha joto, hata dirisha likiwa wazi kidogo. Hewa yake yenye sumu haina harufu, na watu hufa nayo usingizini. Bibi akileta jiko kwa upendo, lipokee, mshukuru, liweke nje.

Chandarua kitumike ingawa Kilimanjaro ni kati ya mikoa yenye malaria kidogo kabisa nchini.

## Hatua ya 9: Akiugua

Kuharisha: endelea kunyonyesha, mara nyingi zaidi. Changanya pakiti moja ya ORS katika lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, mpe kidogo kidogo kwa kijiko, mililita 50 hadi 100 baada ya kila choo cha maji. Iliyobaki baada ya saa 24 imwage. Zinki ni miligramu 10 kwa siku kwa aliye chini ya miezi sita, 20 kwa aliyezidi, siku 10 hadi 14 hata kama tumbo limetulia. Usimpe dawa ya kuzuia kuharisha.

Homa: pima kwa kipimajoto, usikisie kwa mkono. Paracetamol hutolewa kwa uzito. Mtoto wa kilo 8, kwa mfano, hupata mililita 5 za dawa ya maji yenye miligramu 120 kwa kila mililita 5, si zaidi ya mara nne kwa siku. Soma chupa, muulize mfamasia. Mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye nyuzi 38 au zaidi apelekwe hospitali mara moja.

Ondokeni usiku huo huo, bila kungoja kupambazuke, kama hanyonyi kabisa, anatapika kila kitu, ana degedege, amelegea na haamki vizuri, mbavu zinabonyea akipumua, macho yamezama, au choo kina damu.

## Hatua ya 10: Kurudi Dar

Muage bibi mchana, mtoto akiwa macho, na umwambie mtoto kwa sauti kwamba mnaondoka. Wengine hutoroka amelala ili bibi asilie. Bibi analia zaidi akigundua hakuagwa.

Wiki mbili za kwanza angalia mambo mawili. Homa ya mtoto aliyerudi Dar ipimwe malaria, usiiite ya uchovu wa safari. Na usingizi utavurugika, kwa sababu amezoea mikono mingi. Rudisha ratiba ya kuoga na kulala kuanzia usiku wa kwanza, bila kubadilisha.

Mama naye aangaliwe. Kutoka kwenye nyumba yenye watu kumi hadi kwenye vyumba viwili Kimara ni kishindo, hasa mume akirudi kazini kesho yake. Kabla hamjasafiri, panga na mtu mmoja, jirani, dada wa jumuiya au mwenzako wa msikitini, aje kukaa nawe mchana mmoja wiki hiyo ya kurudi. Ukijikuta unalia kila siku kwa zaidi ya wiki mbili, hulali hata mtoto akilala, au humtaki mtoto, nenda kliniki ile ile unayompeleka yeye na useme hivyo hivyo kwa muuguzi. Ni ugonjwa, unatibika. Ukiwa na mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, usisubiri: mwite mtu akae nawe na mwende hospitali siku hiyo hiyo.

Simu ya saa ya kuoga iendelee. Sasa ina uzito zaidi, maana mtoto anaijua na sura. Na kabla ya Pasaka mtumie bibi nauli, safari hii yeye ndiye ashuke. Mkatie basi la asubuhi, kiti cha katikati, safari hii upande wa kulia; basi likiondoka Moshi alfajiri atakuwa na kivuli asubuhi yote. Mtu wa kumpokea Mbezi awe amefika kabla basi halijaingia, na chumba chake kiwe na shuka jepesi na feni, maana joto la Dar litamsumbua yeye kuliko baridi ya Kibosho ilivyomsumbua mtoto.